Einstein, mukaguzi wa breve mwenye alitaka frigo isiue watu

Ukitaja jina la Albert Einstein, ikuwe Bukavu, Bunia ao Kalemie, hata mutoto wa sekondari atakuonyesha kichwani mwake ule muzee wa nywele nyeupe zenye kusimama, na ile fomula fupi yenye kuandikwa kwenye tisheti. Wengi wanamufikiria kama mutu wa kuota ndoto juu ya nyota. Lakini kwa miaka saba ya ujana wake, mushahara wake haukutoka kwenye nyota. Alilipwa na serkali ya Uswisi juu ya kukaa kwenye meza, siku sita kwa juma, na kusoma karatasi za watu wenye kusema wamevumbua mashini. Alikuwa mukaguzi wa breve. Hiyo kazi ilimuachia desturi yenye hakuiacha mpaka uzee, na mwisho wa hesabu ilimuunganisha na udongo wa Katanga.

Breve, yenye vitabu vya Kiswahili vinaita hataza, ni mapatano kati ya mvumbuzi na serkali. Serkali inamupatia haki ya kwamba, kwa miaka fulani, hakuna mutu mwengine mwenye ataruhusiwa kutengeneza na kuuzisha kile kitu bila kupatana naye. Yeye naye analipa bei yake: lazima aandike na kuchora waziwazi namna kitu kinafanya kazi, ili miaka ikiisha kila mutu ajifunze. Mukaguzi ndiye anakaa katikati. Anauliza maulizo mawili ao matatu tu. Hiki kitu kinaeleweka? Kinaweza kufanya kazi? Na ni nini hasa ndani yake yenye mutu mwengine hakuwa amefanya?

Tuchukue mufano wa wakati wetu. Zile ordinatere kubwa zenye kubeba intaneti zinapata moto sana, mpaka upepo wa ventilateri hautoshi. Kwa hiyo mainjinia wengine wanazizamisha nzima-nzima katika sanduku ya mafuta yenye haipitishe umeme. Sasa mutu analeta dosie: sanduku yake inajisawazisha yenyewe. Moto ukipanda, mafuta yanavimba na kuingia katika tanki ya pembeni. Yakipoa, yanarudi, na kila kipande kinabakia chini ya mafuta wakati wote. Ni jambo muzuri. Lakini mukaguzi mwenye macho atasimama kwanza mbele ya transfo kubwa ya SNEL. Ndani yake nyaya zimezama katika mafuta. Juu yake iko tanki yenye kulala kama pipa, yenye kupokea mafuta wakati wa moto na kuyarudisha wakati wa baridi. Transfo za mafuta ziko tangu mwisho wa karne ya 19. Basi, mukaguzi atauliza, wewe ndugu umeongeza nini? Kama jibu iko, breve iko. Kama ni maneno tu ya kupamba, dosie inarudi.

Einstein hakuchagua kazi ya namna hii. Alizaliwa Ulm, Ujermani, tarehe 14 Machi 1879, na akakomalia München katika nyumba ya umeme, tunaweza kusema hivyo. Baba yake Hermann na baba yake mudogo Jakob walikuwa na kampuni ya kutengeneza dinamo, taa na mashini za kupima umeme. Jakob alikuwa injinia, na yeye mwenyewe alikuwa na breve zake. Mutoto alikomaa akiona waya, sumaku na michoro kwenye meza. Lakini kampuni ilikuwa ndogo mbele ya makampuni makubwa, na ilipokosa kontra ya kutia taa za muji wa München, ilianguka. Mwaka wa 1894 familia ilihamia Italia kujaribu tena, na huko pia mambo hayakutengemaa.

Albert alisoma Zürich, katika shule kubwa ya ufundi, akamaliza mwaka wa 1900. Wenzake walipata fasi ya kusaidia maprofesa. Yeye hapana. Alikuwa anakosa masomo yenye hayakumupendeza, na maprofesa walikuwa wanajua. Karibu miaka mbili alizunguka: alifundisha kwa muda Winterthur, kisha Schaffhausen, akaandika barua kwa maprofesa wa inchi mbalimbali, majibu hayakukuja. Musaada ulitoka kwa rafiki wa masomo, Marcel Grossmann. Baba ya Grossmann alimujua Friedrich Haller, mukubwa wa ofisi ya breve kule Bern, akamutajia jina la ule kijana. Kwetu tungesema alikuwa na mutu ndani. Ni kweli, lakini Haller alimuuliza maulizo mwenyewe kabla ya kumupokea, na aliona mapungufu yake katika mambo ya ufundi. Ndiyo maana alimuandika katika daraja ya chini, mukaguzi wa daraja ya tatu, kwanza kwa majaribio, na mushahara wa franka 3500 kwa mwaka. Alianza kazi mwezi wa Juni 1902.

Miezi mine kisha, baba yake alikufa kule Milano, akiwa amevunjika juu ya madeni. Januari 1903 Albert alimuoa Mileva Marić, mwenye alisoma naye fizikia Zürich. Mwaka wa 1904 mutoto wao Hans Albert alizaliwa. Walikaa katika nyumba ndogo ya kupangisha, mutaa wa Kramgasse, karibu na munara wa saa.

Haller alikuwa mukubwa mwenye ukali, na alikuwa na kanuni moja: mukaguzi akifungua dosie, aanze kwa kufikiri kwamba kila kitu chenye mvumbuzi anasema si kweli. Kisha atafute mwenyewe, mustari kwa mustari, mahali kitu kinasimama. Mukaguzi mwenye kufuata mawazo ya mvumbuzi tangu mwanzo atavutwa naye na hataona tena kosa. Wengine wangechoka na kazi ya namna hiyo. Einstein aliipenda. Alijifunza kusoma muchoro, kuondoa maneno ya bure, na kuandika kwa sentensi fupi yenye inaweza kusimama mbele ya tribinali. Septemba 1904 wakamufanya wa kudumu. Aprili 1906 akapanda daraja ya pili, na mushahara ukafika franka 4500.

Karibu hukumu zote zenye aliandika katika ile ofisi zilipotea, kwa sababu desturi yao ilikuwa kuharibu dosie za zamani. Lakini moja iko, ya Desemba 1907. Ilihusu mashini ya umeme ya kampuni kubwa ya Ujermani, AEG. Einstein aliona kwamba ombi lao halikuandikwa sawasawa: maelezo hayakuwa wazi, na haikueleweka hasa ni nini walitaka kulindiwa. Hakuangalia ukubwa wa jina. Mukumbuke hii AEG, itarudia mbele.

Mwaka wa 1905, akiwa na miaka 26, huyu fonksionere wa daraja ya tatu alitoa maandiko yenye kugeuza fizikia: juu ya nuru, juu ya vumbi ndogo zenye kucheza ndani ya maji, juu ya wakati na mwendo, na ile ya kuonyesha kwamba uzito na nguvu ni kitu kimoja. Aliandika mangaribi, siku ya yenga, na, kusema kweli, nafasi ikipatikana, hata kwenye saa za kazi. Watu wanapenda kusema alifanya hivyo ingawa alikuwa na ile kazi. Mimi naona ilikuwa pia kwa sababu ya ile kazi. Andiko lake juu ya wakati na mwendo halianze na nyota. Linaanza na sumaku na waya, kitu cha kila dinamo, kisha linaongea saa na treni. Wanahistoria wengine wanaonyesha kwamba katika ile miaka maombi mingi ya breve yalihusu namna ya kupatanisha saa za stasyo za treni kwa umeme. Bern ilikuwa katikati ya hiyo kazi. Rafiki wake Michele Besso, mwenye aliingia naye ofisini mwaka wa 1904, alikuwa anatembea naye wakirudi nyumbani, na kwenye njia walikuwa wanabishana juu ya hayo mambo. Besso njo mutu mumoja tu mwenye alishukuriwa kwa jina katika andiko hilo.

Oktoba 1909 aliacha ofisi na kwenda kufundisha Zürich. Mwaka wa 1914 akafika Berlin. Utukufu wa dunia nzima ulikuja mwaka wa 1919, lakini hiyo habari inajulikana, hatutaikalia.

Yenye haijulikane sana ni kwamba macho ya mukaguzi hayakulala. Wakati wa vita ya kwanza, tribinali ya Berlin ilimuita kuwa shahidi mwenye ujuzi katika kesi ya Hermann Anschütz-Kaempfe wa Kiel juu ya kampuni ya Sperry ya Marekani. Walikuwa wanagombana juu ya dira ya meli, yenye haitumie sumaku lakini gurudumu yenye kuzunguka mbio sana. Sperry walisema wazo la Anschütz si jipya, kwamba breve ya zamani ya mutu wa Uholanzi ilikwisha kulisema. Ni lile ulizo lilelile la Bern: nani alitangulia, na alitangulia kwa kitu gani hasa? Einstein alipima, akaunga mukono Anschütz, na Anschütz akashinda.

Kisha hao wawili wakakuwa marafiki, na Einstein alimusaidia kutengeneza dira mupya. Hapa kuna kitu chenye kinapatana na ile sanduku yetu ya mwanzo. Gurudumu ziliwekwa ndani ya tufe yenye kufungwa, na tufe yenyewe inaelea ndani ya maji yenye kutengenezwa. Meli ikiyumba, chombo cha inje kinayumba nayo, lakini tufe inabakia imelala sawa. Shida ilikuwa hii: kuiacha ielee bila kugusa ukuta wa chombo. Einstein alileta wazo la waya yenye kuzungushwa, yenye kusukuma tufe kwa nguvu ya sumaku na kuishika katikati. Wazo lilifanya kazi, na alilipwa juu yake kwa miaka.

Sasa frigo. Katika miaka ya 1920, frigo za nyumbani zilikuwa na gazi ya sumu ndani yake: amonia, dioksidi ya salfa, kloridi ya metili. Pompi ilisukumwa na motere, na fasi muti wa chuma unapita kuingia ndani ya pompi, kulikuwa mupira ao kitambaa cha kuziba. Kile kitambaa kinachakaa. Siku moja gazi inatoka usiku, watu wamelala. Einstein alisoma katika gazeti habari ya familia ya Berlin, wazazi na watoto, wenye walikufa hivyo katika nyumba yao. Ilimuumiza. Alimuambia Leo Szilard, mwanafizikia kijana wa Hungaria mwenye alizaliwa mwaka wa 1898 na alikuwa anamutembelea mara mingi, kwamba lazima njia ingine iko.

Jibu yao ilikuwa jibu ya mukaguzi. Hawakutafuta kitambaa cha kuziba vizuri zaidi. Wangekuwa wa mia kufanya hivyo. Waliuliza juu ya nini kitambaa kiko. Kiko sababu kuna kitu chenye kutembea. Basi ondoa kitu chenye kutembea. Ikiwa mashini yote ni mabomba yenye kuchomelewa, hakuna fasi gazi itatokea.

Walipatana kama ndugu: kila kitu wanavumbua katika mambo ya frigo ni cha wote wawili, na Szilard akiwa na mapato madogo kuliko ya musaidizi wa chuo kikuu, yeye atakamata faida kwanza. Einstein alikuwa na mushahara muzuri. Kijana hakuwa nao. Kutoka mwaka wa 1926 walipeleka maombi, na mwishowe walipata breve zaidi ya 45 katika inchi sita. Ile ya Marekani ina namba 1,781,541 na ilitolewa tarehe 11 Novemba 1930.

Walijaribu njia tatu. Ya kwanza haina pompi hata moja: moto mudogo wa gazi unachemsha, na butani, amonia na maji vinazunguka vyenyewe ndani ya mabomba yenye kufungwa. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilinunua haki zake, lakini ilikuwa na frigo yake tayari na haikuitengeneza. Ya pili ilikuwa kifaa kidogo cha kuzamisha ndani ya kinywaji ili kukipoza, chenye kutumia nguvu ya maji ya robine. Kampuni moja ya Hamburg ilikionyesha katika maonyesho ya Leipzig mwaka wa 1928. Kilifanya kazi vizuri. Lakini nguvu ya maji katika nyumba za Ujermani haikuwa sawa, kutoka nyumba hadi nyumba, kutoka orofa hadi orofa, na kifaa hakikufika sokoni. Wasomaji wetu wenye kungojea maji ya REGIDESO saa nane ya usiku wataelewa bila maelezo.

Ya tatu njo ilikuwa kubwa. Ilikuwa pompi yenye haina pistoni. Ndani ya bomba ya chuma yenye kufungwa walitia chuma chenye kuyeyuka, muchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, na umeme wa inje ulikisukuma mbele na nyuma kwa nguvu ya sumaku. Chuma chenye kuyeyuka kilikuwa pistoni yenyewe. Na nani alilipa juu ya kuijenga? AEG, ile kampuni yenye Einstein aliikosoa mwaka wa 1907. Mwezi wa Julai 1931 frigo nzima iliwaka katika maabara yao ya Berlin na ikapoza. Iliunguruma, hiyo ndiyo ilikuwa lawama, na mainjinia walitumika sana kupunguza kelele. Lakini pesa ya dunia ilikuwa imeanguka, na mwaka wa 1932 AEG ilifunga kazi. Tena, Wamarekani walikuwa wametangaza freoni mwaka wa 1930, gazi yenye haiue mutu nyumbani. Watu waliipokea kwa furaha. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kujua kwamba freoni ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni juu ya vichwa vyetu. Mapatano ya kuizuia yalitiwa sahihi Montréal mwaka wa 1987. Kwa hiyo ile mashini ya kelele haikuwa imekosea njia. Ilikosa wakati tu.

Hitler alishika utawala mwaka wa 1933. Einstein alikuwa inje ya inchi na hakurudia Ujermani tena. Alikaa Princeton, Marekani. Szilard alikimbilia London, na huko alipata wazo la namna atomu moja ikipasuka inaweza kupasua zingine kwa mufululizo. Aliliandikia breve mwaka wa 1934, kisha akalikabizi jeshi la maji la Uingereza ili lifichwe. Angalia hapo: breve iliwekwa ili vitu vijulikane, na sasa iko njia ya kuvificha.

Mwezi wa Julai 1939, Szilard na mwenzake Eugene Wigner walitafuta nyumba yenye Einstein alikuwa anapumuzikia, kisiwa cha Long Island. Wanasayansi wa Ujermani walikuwa wamepasua uraniamu. Woga wa Szilard ulikuwa na jina la fasi: Kongo ya Wabeleji, fasi uraniamu ya utajiri kuliko zote ilitoka. Einstein alijuana na Elisabeth, malkia wa Ubeleji. Wazo la kwanza lilikuwa kuonya Wabeleji wasiache yale mawe yaangukie mikono ya Hitler. Kisha barua ikageuzwa na kuelekezwa kwa Rais Roosevelt. Iko na tarehe ya 2 Agosti 1939, na inataja Kongo kuwa chemchemi ya maana zaidi ya uraniamu.

Ile fasi ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Union Minière ilikuwa inachimba huko tangu miaka ya 1920, juu ya radiamu. Mwaka wa 1940 kampuni ilipeleka zaidi ya tani 1000 za mawe New York, na mwaka wa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya zile bombe za kwanza ilitoka hapo. Wakongomani walichimba, wakachagua mawe kwa mikono na kuyabeba, bila kuambiwa ni kitu gani. Katika dosie hizi zote zenye tumetaja, zenye namba na tarehe na majina ya wavumbuzi, majina yao hayapatikane.

Einstein hakutengeneza bombe. Jeshi lilimukatalia kuingia katika ile siri, sababu ya mawazo yake ya siasa. Lakini mwaka wa 1943 jeshi la maji lilimuita kwa dola 25 kwa siku, kwa kazi yenye alijua: kusoma mawazo ya watu juu ya silaha za majini na kusema ni yapi yanaweza kufanya kazi. Alikuwa na miaka 64 na amerudi kwenye meza ya Bern. Kisha Hiroshima na Nagasaki, mwezi wa Agosti 1945, alijuta kutia sahihi ile barua, na miaka yenye ilibaki aliitumia mingi kuomba silaha hizo zikomeshwe.

Alikufa Princeton tarehe 18 Aprili 1955. Tarehe 17 Mei ya mwaka huohuo, Marekani ilitoa breve ya mashini ya nguvu za atomu kwa majina ya Enrico Fermi na Leo Szilard. Ombi lilikuwa limefungiwa katika siri tangu Desemba 1944. Pompi yenye haina pistoni nayo ilipata kazi: pompi za namna hiyo zinasukuma chuma chenye kuyeyuka katika mashini fulani za atomu, juu ya kuzipoza. Na ile ya kwanza, ya moto mudogo na mabomba yenye kufungwa, ulinzi wake ulikwisha zamani, mutu yeyote anaweza kuisoma na kuijenga. Mwaka wa 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford walifungua tena michoro yake, wakitafuta frigo ya fasi zenye hazina umeme.